Mzee Povu Hajawahi Kuonja

Jumatano, 22 Oktoba

Hili sijamwambia mtu. Mzee Povu ni mimi, Daisy.

Nina miaka kumi na sita. Bia sijawahi kuonja. Hata kulamba kizibo! Lakini kuna watu elfu tatu mtandaoni, kutoka Nakuru hadi Toronto, wanaoamini kwamba mimi ni mzee mstaafu wa London mwenye jongo mguuni na ulimi wa dhahabu. Mzee Povu huandika kwa Kiswahili kuhusu bia za viwanda vidogo, zile zenye picha ya pweza kwenye mkebe na bei ya nusu kuku.

Utafiti naufanyia dukani kwa Bwana Balwinder, hapa Ilford, mashariki mwa London, Mama akinituma maziwa. Nasoma mkebe, napiga picha, natoroka. Ladha natunga. Ile ya pweza nilisema inaanza kama ukwaju na kuishia kama mkate ulioungua. Watu walishangilia! Waandishi wengine husema inanukia msonobari. Nani kwetu amewahi kula msonobari?

Darasani siwezi kujibu hata nikiitwa kwa jina. Natazama viatu mpaka mwalimu achoke. Mzee Povu akisema, watu hunyamaza wasikie. Sitaki kumpoteza. Ila Mama ni mwenyekiti wa akina mama kanisani. Akijua, nitarudishwa Nakuru kwa nyanya yangu kabla ya Krismasi, tena bila simu.

Na sasa balaa. Mfuasi wangu sugu, anayejiita Kiu ya Stockholm, anakuja London wikendi hii. Anataka kumpa Mzee Povu mkono. Mkono gani?



Alhamisi, 23 Oktoba

Nimemwandikia Kiu kwamba jongo limepanda hadi gotini. Kajibu kwamba atakuja na dawa. Watu wema ni mzigo.

Namwonea huruma, lakini. Kule Sweden bia yenye nguvu huuzwa kwenye duka la serikali tu. Jumamosi alasiri mapema wamefunga, Jumapili hawafungui kabisa. Kiu ana ndoto moja: kununua bia nzuri Jumapili mchana, bila haraka, kama binadamu. Nilimwahidi kwamba London hilo ni jambo dogo.

Ahadi zangu zenyewe naziogopa. Juzi mfuasi wa Glasgow alienda dukani saa tatu asubuhi kwa ushauri wangu. Akaambiwa Scotland hawauzi kabla ya saa nne. Alisimama mvuani akiniandikia matusi ya heshima.

Mpango mpya! Mzee Povu kaenda Ubelgiji ghafla. Amefiwa na rafiki. Nimetuma. Kiu katoa pole nyingi, kisha kaomba namba ya kutuma mchango wa mazishi.

Mungu wangu.

Jumamosi, 25 Oktoba

Nilijua Anko Harrison, kaka yake Mama, anakuja kututembelea kutoka Sweden. Nilijua Kiu naye anakuja kutoka Sweden. Sikuunganisha! Sweden si kijiji!

Mama alipoingia jikoni kugeuza chapati, Anko alinisogelea na kunionyesha simu yake kwa siri. Ukurasa wa Mzee Povu. Na juu yake jina analotumia yeye: Kiu ya Stockholm. Akaninong'oneza kwamba huyu mzee ndiye mtu pekee duniani anayemwelewa, ila kafiwa, maskini.

Nikaangusha bakuli la njugu.

Anataka kesho baada ya ibada nimpeleke kwenye duka lenye mikebe kama hiyo. Mama aambiwe tunatafuta laini ya simu. Nimekubali. Kusema hapana sijawahi kujifunza.

Jumapili, 26 Oktoba

Nimekwisha.

Anko alisimama mbele ya friji la Bwana Balwinder kama mtu aliyeonyeshwa mjukuu wa kwanza. Jumapili! Mchana! Machozi yalimlengalenga. Kisha akanishikisha mikebe miwili na kuniambia kwa Kiswahili, kwa sauti yake ya kuita ng'ombe, nichague yoyote yenye picha nzuri, yeye atalipa, na Mama asijue.

Alidhani tuko salama. London, nani anaelewa?

Bwana Balwinder alizaliwa Kisumu.

Alitoka nyuma ya kaunta polepole, akaninyang'anya mikebe, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu kwamba mtu mzima akimnunulia mtoto pombe, yeye hauzi. Anko akalia kwamba bia ni zake, mtoto anachagua picha tu! Bwana Balwinder akasema hiyo amewahi kuisikia, tena kwa lugha nne. Anko akauliza, basi yeye atoke na nini, ametoka Stockholm!

"Maziwa, ndugu yangu. Daisy anajua yalipo. Kila siku yuko hapa anasoma mikebe yangu kama Zaburi."

Anko akanigeukia. Ilibidi niseme kitu. Nikasema ile ya pweza isimsumbue, inaanza kama ukwaju na kuishia kama mkate ulioungua.

Mdomo huu! Miaka yote umelala, unaamka leo?

Tulirudi kwa miguu na maziwa yetu. Kwenye kona Anko aliniuliza kwa huzuni kama nami namfuata Mzee Povu. Nikaitikia kwa kichwa. Hajui! Anadhani mimi ni mfuasi tu! Lakini kasema mzee huyo anaharibu watoto. Kesho atamdai maelezo. Yasipomridhisha, atamwambia Mama.

Jumatatu, 27 Oktoba

Likizo. Mzee Povu kapokea ujumbe mkali kutoka kwa Kiu ya Stockholm, aliyekuwa akiuandika kwenye sofa yetu, chini ya chumba changu. Alimheshimu mzee, anasema. Sasa kuna mtoto wa dada yake anayesoma mambo haya, na mama yake ataambiwa. Mzee hana haya?

Nilijibu kwa busara ya miaka sabini. Mzee Povu kaomba radhi. Kasema anayesoma menyu si lazima ale. Kasema mama mtu asiambiwe, moto mdogo haupepewi. Kupitia sakafu nikamsikia Anko akiguna. Kisha akasema, "Kweli, mzee."

Nimeshinda!

Ningeacha hapo. Lakini kidole kilikuwa na moto. Mzee Povu akaongeza kwamba binti mwenye aibu kiasi hicho anahitaji kutiwa moyo, kwa mfano kwa simu mpya, maana hiyo yake ina ufa katikati ya kioo na betri haifiki jioni. Rangi ya zambarau ingependeza.

Nimetuma. Kasoma. Anko ni mkarimu, hatakataa.

Ngoja.

Nimesoma ujumbe wake tena. Hakutaja aibu. Hakutaja kioo. Hakutaja hata kwamba mtoto ni binti.

Huko chini Anko kainuka kwenye sofa. Sasa Anko anamwita dada yake. Anamsomea kitu, neno kwa neno. Mama anauliza huyo mzee wa Ubelgiji ameionea wapi simu ya Daisy.

Hakuna shida. Nina mpango! Mzee Povu ana mke, Bi. Povu. Anasali kanisani kwetu, hukaa nyuma kabisa, ndiyo maana Mama hamjui. Aliniona nikishika simu. Ukurasa wake naufungua sasa hivi. Huyu atakuwa wa mvinyo. Zabibu nimewahi kula.

Kandambili za Mama kwenye ngazi. Nyuma yake, soksi za Anko. Daftari chini ya godoro, simu chini ya