Mlima Wangu Umeondoka na Kipande cha Suruali

Jamani, leo nimeaibika mchana kweupe. Nimetolewa ndani ya mlima kwa kuvutwa mguu, shati limenifunika uso, suruali haina makalio, na watu kwenye viti vya plastiki wanapiga makofi. Makofi! Mpaka sasa sielewi walikuwa wananipongeza nini.

Ngoja nirudi nyuma, maana hata mimi mwenyewe bado najaribu kuelewa.

Mnanijua, mimi Shija ni mtu wa maduara, yale mashimo ya dhahabu. Shimo la kule Segese lilipotufunika nilitoka hai, ila mbavu hazijakaa sawa mpaka leo. (Mwenye duara hakuja hata kutupa pole. Anaitwa Makoye. Nimemtaja.) Nikaapa sirudi tena chini. Lakini kiapo hakisongwi kikawa ugali.

Ndipo akaniita Bosi Nkwabi, mwenye ile bustani ya kupumzikia hapa Kahama. Kanunua treni ya kuchezea. Siyo ya kuweka mfukoni! Behewa moja ni kubwa kama katoni ya sabuni, linatembea kwa umeme kwenye reli yake kuzunguka bustani. Akataka mlima, na chini ya mlima handaki, treni iingie huku itokee kule.

"Shija, wewe si umekaa ardhini miaka? Nijengee. Ukinifurahisha siku ya uzinduzi, unabaki hapa kuutunza mlima. Kazi ya kudumu."

Kazi ya kudumu! Juu ya ardhi! Kivulini!

Nikajenga kwa roho yote. Wavu wa banda la kuku nikaukunjakunja, nikaufunika na magunia niliyochovya kwenye uji wa saruji, majabali nikayachonga kwa kijiko saruji ikiwa mbichi. Nikapaka rangi, nikapanda vimiti vya nyasi za ufagio. Ukisimama mbali kidogo, ni mlima kabisa. Na ndani ya handaki nikaweka matimba, vile vigogo vya kuzuia dari isianguke, kulia na kushoto, mwanzo mpaka mwisho.

"Haya magogo ya nini?" Bosi akauliza. "Juu si gunia tu?"

"Bosi, mimi siachi shimo bila matimba." (Aliyefukiwa ni nani, mimi au yeye?)

Tukajaribu na kichwa cha treni peke yake. Kikapita safi.

Leo sasa, uzinduzi. Mgeni rasmi ni Mwalimu Kabula, mstaafu, aliyenifundisha darasa la tatu kabla sijatorokea machimboni. Treni ikawashwa. Kumbe Bosi kaifungia mabehewa mapya ya abiria, marefu, bila kuniambia! Kichwa kikaingia mlimani. Mabehewa yakaingia. Wote tukageukia tundu la kutokea.

Kimya.

Tukasubiri. Nikachungulia huku, nikachungulia kule. Imeenda wapi? Jamaa mmoja nyuma akasema, "Labda imeshafika Mwanza." Wakacheka. Mimi kichwa kinazunguka. Jana ilipita, leo inakataa nini? (Kumbe handaki lina kona, na behewa refu likikata kona linatoa tumbo pembeni. Lilikuwa limekumbatia timba langu.)

Bosi akaninong'oneza, "Zima umeme, ingia uitoe. Ikibaki humo, kazi hakuna."

Sisi wachimbaji haingii mtu shimoni bila kamba, na kamba haiachwi bila mtu. Nikajifunga mguuni, ncha ya pili nikampa Masanja, niliyechimba naye miaka yote. "Nikivuta mara moja, subiri. Mara mbili, nitoe."

"Sawa kaka."

Nikaingia kwa tumbo, mabega yanabana. Nikalifikia behewa la mwisho, nikalikumbatia. Nikataka kurudi nyuma. Wapi! Msumari wa timba umenasa suruali kwa nyuma. Nikavuta kamba mara moja: subiri. Hajibu. Nikavuta tena: subiri basi! Hajibu. Nje nasikia spika:

"Na sasa, mgeni rasmi wetu atavuta kamba kuashiria uzinduzi!"

Nikajiuliza, kamba ipi? Hapa si kuna kamba moja tu?

Mayu wane! Mama yangu!

Masanja alikuwa kafuata pilau. Kamba kamwachia Mama Kulwa, mke wa Bosi: "Nishikie hii mama, nakuja." Mama wa watu akaona kamba imeingia mlimani, mgeni rasmi kasimama mikono mitupu, pazia la kufungua halipo. Akajua ndiyo yenyewe. Akamkabidhi Mwalimu. Mwalimu akaona nzito, wakamsaidia.

"Moja! Mbili! Tatuuu!"

Nilisikia kitambaa kinalia kraaa. Nikatokea miguu mbele, kifudifudi, behewa nimelikumbatia, na treni nzima inanifuata kinyumenyume. Shati limepanda kichwani. Sioni kitu. Ila upepo nauhisi, na nauhisi pasipotakiwa.

"Shikamoo Mwalimu," nikasema humohumo ndani ya shati.

"Marahaba. Nani wewe?"

"Shija, Mwalimu."

Akageuza uso pembeni. "Ng'wanawane, mwanangu, kaa chini kwanza."

Watoto wakapiga kelele, "Tena! Tena!" Bosi akanifuata anafuta machozi ya kucheka. "Kazi umepata, Shija. Ila kila Jumamosi utoke hivyohivyo." Nikasema asante. Halafu nikakaa nikafikiria: nimeajiriwa au nimetukanwa? Sijui. Kitenge cha Mama Kulwa bado kiko kiunoni kwangu.

Sasa wewe Masanja, najua umo humu kwenye grupu na unasoma. Tangu lini mtu akiwa shimoni mshika kamba anaenda kula? Jibu hapahapa mbele ya watu, tena kwa maneno. Ukiniletea vikatuni vya kucheka, tutaonana huko nyumbani kwako.