Bahari ya Desemba Ina Maji Yale Yale ya Mei

Lazarus arap Mosonik,
Mwalimu Mstaafu,
Kapkatet.
9 Novemba

Meneja,
Kampuni ya Safari za Tulizana,
Nairobi.

Bwana Meneja,

KUH: BEI YENU ISIYOTULIA

Ninakuandikia nikiwa nimeketi wima mezani, kwa kalamu ya wino, kwa sababu jambo hili si la kuandikwa kwa kidole kwenye simu. Nilifundisha kwa miaka thelathini na sita. Sasa ninalima chai na kufuga ng'ombe wanne. Mke wangu, Rodah, amechuma chai kwa miaka arobaini na hajawahi kuona bahari. Tulipooana nilimwahidi kwamba ataiona. Sasa magoti yake yameanza kuukataa mteremko wa shamba letu, na daktari amemwambia kwamba kama ana safari moyoni, aifanye mwaka huu. Kwa hiyo sifanyi mzaha.

Mwezi wa Februari binti yangu Chepkosgei alinionyesha tangazo lenu: siku tano Mombasa mwezi wa Desemba, treni, hoteli na chakula, watu wawili kwa shilingi elfu hamsini na nane. Nikasema bei ni nzuri, tutalipa bonasi ya chai ya mwaka ikiingia kutoka kiwandani. Kila mkulima wa huku anajua kwamba jambo kubwa halifanywi kabla ya bonasi. Bati, ndama wa gredi wa maziwa mengi, harusi, vyote husubiri Oktoba. Oktoba ilifika, bonasi ikaingia, nikanawa mikono, nikafungua tangazo lenu. Bei ilikuwa elfu tisini na sita.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Bei yenu haina makao. Jumatatu ilikuwa elfu tisini na sita, Jumatano elfu mia moja na tatu, Jumamosi ikashuka kidogo kunipa moyo, Jumapili baada ya ibada ikawa elfu mia moja na tisa. Kiwanda chetu hutangaza bei ya kilo ya majani mara moja, nasi tunaikasirikia kwa mwaka mzima bila kubabaishwa. Ninaomba nanyi mtangaze bei moja ya bahari kila Januari, ibandikwe ukutani kwenye kituo cha kupimia chai, na isiguswe.

2. Ninashuku kwamba mnanitambua. Kila nilipoitazama bei, ilipanda. Nilimtuma mpwa wangu, Kiplimo, hadi Siongiroi, ambako watu ni wa mifugo na hawana bonasi, aitazame kutoka huko. Alikuta bei ile ile, na nauli nililipa mimi. Hii inathibitisha kwamba mlikwisha kujua kuwa ni mpwa wangu.

3. Mnasema Desemba ni msimu wa wageni wengi. Bahari ya Desemba ina maji yale yale ya Mei. Hamjaongeza hata ndoo. Ni kweli kwamba maziwa yangu hupanda bei wakati wa kiangazi, lakini hayo hutoka kwa ng'ombe, na ng'ombe ana sababu zake.

4. Mnatoza "kila mtu, chumba kimoja watu wawili". Mimi na Rodah tumelala chumba kimoja tangu mwaka 1979 na hakuna aliyewahi kututoza mara mbili.

5. Calvince, karani wa mizani katika kituo chetu cha chai, kijana aliyekuja kutoka upande wa ziwa, alikwenda Mombasa kupitia kwenu mwezi wa Mei pamoja na mkewe Jerusa kwa nusu ya bei. Tangu hapo hanipimii majani bila kunifundisha. Anasema njia ni tatu: ulipe mapema, miezi tisa au kumi kabla, au uende wakati wa mvua, au ungoje juma la mwisho, vyumba vikibaki vitupu, uwe tayari kuondoka na mfuko mmoja. Nilimuuliza kama hakunyeshewa. Alijibu mbele ya foleni nzima, "Mwalimu, bahari ilikuwa imelowa hata kabla ya mvua." Watu wazima waliweka vikapu chini ili wacheke vizuri. Kicheko hicho ninawadai ninyi.

6. Mnaivuruga nyumba yangu. Kwangu kila kitu kina wakati wake na mwenyewe. Maziwa ya asubuhi huenda kwenye chama cha ushirika. Maziwa ya jioni ni ya mama, kama desturi yetu ilivyo, na mwanamume haulizi yanakwenda wapi. Mambo makubwa ni ya bonasi, na bonasi ni yangu. Lakini Jumapili iliyopita nilipomsomea bei mpya, Rodah aliweka kikombe chini akasema kwa upole, "Baba Chepkosgei, mimi mwaka huu nitaona bahari. Wewe endelea kuona bei." Nimeishi naye miaka yote hii na sijawahi kumsikia akikata tamaa namna hiyo.

Kwa sababu hizo, ninadai bei ya Februari irudishwe mara moja kwa wote waliosubiri kwa adabu. Ninadai pia kwamba yeyote aliyelipa Februari aongezewe malipo hadi alingane nasi, maana pupa haifai kupewa tuzo. Na kama Desemba ni ghali kwa ajili ya Krismasi, basi Krismasi ya wakulima wa chai isogezwe hadi Mei. Nimemdokezea mchungaji wetu, na hakukataa papo hapo.

Wasalimie makarani wako wote, wapishi wa hoteli, dereva wa treni, na yule binti wa simu aliyeniambia mara kumi na moja kwamba nitahudumiwa baada ya muda mfupi. Mwambie bado nipo.

Ni mimi, nisiyebadilika kila Jumatano,

Lazarus arap Mosonik

Baada ya kuandika: Nilipokuwa nikitafuta stempu katika sanduku la Rodah, nimekuta tiketi zenu mbili. Amelipa kidogo kidogo tangu Februari kwa maziwa ya jioni, kwa bei ile ya kwanza, na anaondoka tarehe kumi na mbili Desemba. Tiketi ya pili ina jina la dada yake, Janeffer. Nilipomuuliza, amesema alinisubiri hadi siku ambayo mlitaka jina la pili, na siku hiyo mimi nilikuwa nikisubiri bonasi.

Tafadhali msiwaongezee malipo waliolipa Februari. Na kama kuna kiti cha tatu katika treni hiyo, na chumba chochote katika hoteli hiyo, hata kinachotazama jikoni, ninakichukua kwa bei yoyote iliyopo. Barua hii ninampelekea Calvince aipige picha na kuituma kwa simu yake, kwa kuwa posta huchukua siku nne, na kesho ni Jumatano.