Trekta la Baba na Rangi ya Chini Kabisa

Jumatatu, 2 Septemba

Barua ya chama cha matrekta ya kale imefika. Nimeisoma mara tatu, nimesimama. Mwaka huu kombe haliendi kwa trekta linalong'aa kuliko mengine. Linaenda kwa lile lenye rangi liliyotoka nayo kiwandani. Faan Odendaal kwisha habari yake!

Faan ni jirani yangu. Kati yetu kuna uzio mmoja na miaka arobaini ya kushindana. Kombe amelichukua mara tatu mfululizo, na kila mara hulipitisha mbele ya lango langu polepole, kama anasindikiza jeneza. Trekta lake ni jekundu la kuumiza macho. Rangi ile ni ya mageti. Kopo nililiona kwa macho yangu.

Langu ni la marehemu baba, la mwaka 1951. Jekundu pia, ila jekundu la heshima. Baba alilinunua jipya. Alitusimulia kila Krismasi.

Mpango: kupata wekundu halisi, kuchukua kombe, kupita mbele ya lango la Faan. Polepole. Riana, mke wangu, ameuliza mahindi yatapandwa na nani.

Jumatano, 4 Septemba

Nimekwenda mjini kwa Tshepo Mofokeng, mchanganyaji rangi wa duka la wakulima. Jicho kama lake hakuna jimbo zima la Free State. Kaniambia nisiamini rangi ya nje, jua limeshaila. Nitafute pahali ambapo jua halikufika, wala brashi ya baba.

"Rangi ni kama ukoo, mzee Wessel," akasema. "Ukichimba sana, uwe tayari kwa utakaowakuta."

Nimecheka. Nimerudi, nimefungua tangi la mafuta, nimekwangua chini yake. Chini ya nyekundu, kijani. Chini ya kijani, kijivu. Chini ya kijivu, buluu.

Buluu! Buluu ya vigae vya bafu la mama mkwe! Nimekaa kitako sakafuni. Matrekta ya aina hii ni mekundu, kila mtu anajua. Nimeishi miaka hamsini na minane na trekta nisilolijua.

Ijumaa, 6 Septemba

Nimempelekea Shangazi Hettie Roos biskuti ngumu za Riana. Ndiye jaji mkuu. Ana miaka themanini na minne, alitufundisha hesabu wote, na wote bado tunamwogopa. Nimeuliza kijanja, kama mtu anayepita tu, iwapo kuliwahi kuwa na trekta la buluu.

Ametoa kitabu cha zamani cha wakala wa matrekta. Kumbe kumi na mawili ya kwanza yalishuka kwenye treni yakiwa ya buluu, kabla kiwanda hakijabadili nia. Kumi na mawili tu! Nusura nimbusu. Amenionya niache kipande cha rangi ya zamani, ukubwa wa kiganja, nisikiguse. Hicho ndicho ushahidi. Asiye na kipande hana kombe.

Tshepo amechanganya buluu mara tano. Kila mara anaitoa nje juani, anatikisa kichwa, anarudi. Ya tano alipoiweka juu ya sampuli niliyomkwangulia, sampuli ikapotea.

Njiani Faan akaniuliza mbona nina madoa ya buluu masikioni. Nikamwambia ni dawa ya vidonda vya kondoo. Akanipa pole.

Jumatatu, 9 Septemba

Leo nilikuwa napiga msasa boneti. Nyekundu ikaondoka, kijani, kijivu. Kwenye buluu yakatokea maandishi meupe yaliyochongwa kwenye bati, herufi za ukubwa wa kiganja: J. F. ODENDAAL, RIETKUIL.

Baba yake Faan! Jina la shamba lao! Juu ya trekta la baba yangu!

Riana amekuja na kahawa, akasoma kwa sauti, herufi moja moja, kama hakimu. Akasema nimpigie Faan simu sasa hivi. Nikamwambia ndiyo. Kisha nikaenda kuchukua puti ya kuzibia mashimo.

Baba alikuwa mzee wa kanisa. Baba hakuokota hata yai la kuku wa jirani. Au aliokota? Nimejaza puti kwenye kila herufi. Kipande cha ushahidi nitakiacha chini ya tangi, ambako hakuna jina la mtu.

Alhamisi, 12 Septemba

Buluu imeshapulizwa. Trekta linapendeza hadi naona aibu kulitazama. Usingizi sina. Nimerudi kwa Shangazi Hettie, nikauliza kijanja tena, eti trekta hupitaje kutoka mkono hadi mkono.

Akanitazama kama nimekosea hesabu ya kugawanya. "Wessel, umefika kwenye jina."

Halafu akanieleza. Mwaka mmoja wa ukame baba yake Faan alilazwa hospitali msimu mzima. Baba yangu alilima mashamba yote mawili, lao kwanza, letu baadaye. Letu likakosa mvua. Odendaal alipopona akalileta trekta langoni petu, akaacha ufunguo kitini, akarudi nyumbani kwa miguu. Baba alilirudisha. Likaja tena. Mara ya tatu akalipokea, lakini akalipaka rangi wiki ile ile, ili watu wasijue jirani yake alikuwa na deni la shukrani.

Baba yangu alidanganya kila Krismasi ili kumsitiri mtu. Nimelia ndani ya gari, mbele ya posta, watu wakipita.

Nitamwambia Faan kila kitu. Jumamosi. Baada ya kombe.

Jumamosi, 14 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Uwanja ulijaa. Trekta langu lilipoingia, watu waliacha soseji zao kwenye makaa. Shangazi Hettie akaingia chini ya tangi na lenzi yake, akatoka akitabasamu. Sijawahi kuona meno yake. Jekundu la Faan lilionekana kama geti kweli.

Kisha jua likapanda. Puti ikanywea kwa joto. Niliiona mimi wa kwanza: J. Halafu F. Kufikia saa tano, jina zima lilikuwa limesimama chini ya buluu yangu kama mtu chini ya shuka.

Faan akalisoma. Akavua kofia. Akapitisha kidole kwenye kila herufi.

"Wessel, hili ni la baba."

Hapo ndipo ningesema ukweli. Badala yake nikasikia mdomo wangu ukisema nimelitengeneza kwa siri miezi yote, nimshangaze.

Miezi! Nilikuwa na siku kumi na mbili!

Faan akanikumbatia. Analia. Watu wakapiga makofi, wengine wakalia naye. Akauliza, sauti imekatika, kama kweli ninampa. Mke wangu ananitazama. Shangazi Hettie ananitazama. Nikasema ndiyo.

Kombe likatolewa dakika kumi baadaye, kwa trekta la buluu. Mwenye trekta akaitwa mbele. Odendaal. Mara ya nne!

Alipita mbele ya lango langu akiwa juu ya trekta la baba. Polepole. Akanipungia mkono.

Jumapili, 15 Septemba

Tumealikwa chakula cha mchana kwa Faan. Mama yake, miaka tisini na mmoja, ameletwa mezani kwa ajili yangu. Amenishika mkono wakati wote wa kula. Kasema mimi ni baba yangu kabisa. Nimeapa moyoni: nimekoma. Hila basi, ushindani basi. Riana aliona machozi, akanifinya goti kwa upendo, jambo ambalo halijatokea tangu mwaka juzi.

Baada ya kahawa Shangazi Hettie, naye alikuwepo, akataja kwamba mwakani shindano litakuwa la mashine za kupukuchulia mahindi.

Nilikwenda kunawa mikono. Bomba la Faan liko nyuma ya ghala. Ndani ya ghala, chini ya magunia, kuna mashine ya kupukuchulia, ya mkono, rangi inabanduka. Nimemwambia Faan paa lile linavuja, bora niitunze kwangu, pakavu. Amenishukuru kwa moyo mweupe. Amenisaidia kuipakia.

Riana hajanisemesha njia nzima. Nimekwangua kidogo tu, kwa ukucha. Chini ya kijani kuna rangi ya chungwa.

Kesho asubuhi na mapema, kwa Tshepo.