Wiki Yangu ya Urais Kati ya Tangi na Kamba

Jumatatu, 3 Machi

Barua imefika kutoka makao makuu ya Vijana wa Bara Moja. Nimeisoma mara tatu nikiwa kazini, nikamharibia mteja nakala sita za cheti cha ndoa. Mwenye duka amenung'unika. Hajui mashine yake ya kutoa nakala inaendeshwa na nani.

Barua inasema kila tawi lionyeshe mfano hai wa shirikisho mtaani kwake. Si hotuba, si fulana. Watu waliokuwa mbalimbali, sasa wako chini ya serikali moja. Mkaguzi atapita Jumapili. Kiongozi wa mfano utakaoshinda ndiye atakayetuwakilisha kwenye Mkutano Mkuu wa Bara. Siku tisa. Ndege. Hoteli yenye lifti!

Ni lazima niwe mimi. Kwa kanuni zetu ujana unakoma ukitimiza miaka thelathini na mitano, nami naitimiza mwezi ujao, wiki moja baada ya mkutano. Mwakani nitakuwa mzee kwa maandishi.

Tatizo: tawi letu lina wanachama saba, na watatu hawasalimiani. Makamu wangu, Kinyozi, anawaambia wateja wake kwamba mwenyekiti hawezi kuunganisha hata viatu vya jozi moja. Habari hiyo nimeletewa na watu wanne. Wote wamenyolewa vizuri.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata! Bara langu liko nje ya dirisha langu.

Nyumba tunayopanga ina pande mbili zinazotazamana. Upande wa Geti, vyumba vinne, naishi mimi na mke wangu. Upande wa Tangi, vyumba vinne, anaishi Kinyozi, na pia Fundi wa cherehani, dada mmoja mpole ambaye mashine yake huanza kunguruma kabla sijamaliza ndoto. Wao wana tangi la maji. Sisi tuna jua na kamba za kuanikia. Tangu ule ugomvi wa shuka, wapangaji wawili wa pande hizi walipogombania nafasi kambani, mwaka wa pili sasa, sisi tunabeba madumu kutoka bomba la barabarani, nao wanaanika ndani. Nguo zao zinanuka uvundo. Zetu ni kavu lakini hazijatakata. Bara gani linataka mfano zaidi ya huu?

Nimeandika katiba wakati wa chakula cha mchana. Ibara ya kwanza: tangi na kamba ni mali ya Shirikisho. Ya pili: ndoo na nguo zitavuka ua bila kizuizi. Ya tatu: kutakuwa na Rais.

Mke wangu ameuliza Rais atakuwa nani. Nikamjibu kwamba wananchi wataamua. Alicheka mpaka akatafuta kiti.

Jumatano, 5 Machi

Bunge la kwanza limekaa uani, juu ya ndoo zilizofudikizwa. Wajumbe wanane, mmoja kwa kila chumba. Chumba chetu amekiwakilisha mke wangu, kwa kuwa mwanzilishi wa taifa hawezi kuwa mtu wa chumba kimoja.

Fundi aliisoma katiba neno kwa neno, kidole juu ya mstari, kama anayetafuta mshono uliofumuka. Akauliza Rais anakaa muda gani. Nilikuwa nimeandika miaka mitano. Nikaziona nyuso. Hapo hapo likanijia wazo ambalo mpaka sasa linanishangaza kwa ubora wake: urais wa kupokezana! Wiki moja Geti, wiki moja Tangi, makabidhiano kila Jumapili jioni. Na kwa unyenyekevu nikakubali kuubeba mzigo wa wiki hii, ambayo kwa bahati mbaya imeshaanza.

Kinyozi alinitazama kama anavyotazama kichwa chenye mba. Akataka kiongezwe kifungu: Rais akiharibu, Bunge limwondoe kwa kura. Nikakubali kwa moyo mkunjufu. Mkaguzi anakuja Jumapili mchana. Nitaharibu saa ngapi?

Wameipitisha wote wanane. Mimi ni Rais. Nimekula chakula cha usiku nikiwa nimesimama.

Ijumaa, 7 Machi

Inafanya kazi. Sikutegemea kabisa.

Asubuhi ndoo zilikuwa zinavuka ua kwenda Tangi na mashuka yanavuka kuja Geti. Wale wawili wa ugomvi wa shuka nimewakuta wanasaidiana kukamua blanketi, mmoja huku, mmoja kule. Fundi amepanga zamu za kamba, na hakuna aliyebisha. Uvundo umepungua. Shati langu limetakata mpaka mwenye duka ameniuliza kama ni jipya.

Ubaya ni mmoja: Rais hana kazi. Nimetoa amri kwamba mashati ya Rais yaanikwe katikati ya kamba ya mbele, kwa heshima ya taifa. Jioni nimeyakuta mwishoni kabisa, karibu na vitambaa vya kudekia. Uchunguzi unaendelea. Kinyozi amenisalimia, "Shikamoo, Mheshimiwa," ilhali nimemzidi miaka miwili tu.

Nimenunua sanduku la safari, lenye magurudumu. Mke wangu ameuliza ni la kwenda au la kufukuzwa. Kejeli. Kila kiongozi huanza kupigwa vita nyumbani.

Jumamosi, 8 Machi

Balaa. Ujumbe umeingia kwenye simu: mkaguzi amekwama njiani, atafika Jumatatu.

Jumatatu! Jumatatu ni ya Tangi, na Tangi wameshamchagua Fundi. Wiki nzima ya ujenzi wa taifa, halafu mtu mwingine apande ndege!

Nimemwendea. Nimemweleza kwamba siku moja zaidi si kitu. Akatoa pini mdomoni, akanijibu kwa adabu kwamba ibara hiyo ina mwandiko wangu. Nikamwendea Kinyozi. Akasema atanisaidia nikimwachia uenyekiti wa tawi, tena kwa maandishi. Nimekataa. Nina misimamo.

Nimewaza mchana kutwa. Taifa likiwa salama, Rais hubadilishwa. Taifa likiwa na janga, hubakizwa. Kwa hiyo kinachopungua hapa ni janga tu.

Jumapili, 9 Machi

Alfajiri nimefunga koki ya tangi. Ni kazi ya sekunde mbili. Ua ulikuwa kimya.

Saa mbili kilio kimeanza. Nikatoka na tai, nikatangaza ukame. Nikatangaza na hali ya dharura: makabidhiano yameahirishwa mpaka maji yarudi. Nimekadiria yatarudi Jumatatu alasiri, mkaguzi akishaondoka.

Watu wamebeba madumu kutoka barabarani, Geti na Tangi pamoja, wakipokezana njiani. Mke wangu amebeba manne. Kila alipopita alinitazama. Nimemwonea huruma sana, kama kiongozi.

Jumatatu, 10 Machi

Naandika nikiwa raia.

Bunge limejiitisha lenyewe asubuhi, kwa sababu Fundi alisema hajawahi kusikia tangi likikauka usiku mmoja bila kuvuja. Nikawaambia wataalamu wanalishughulikia. Akaomba ngazi. Geti wakaileta, Tangi wakaishika. Akapanda, futi yake ya kupimia ikiwa shingoni, akafungua mfuniko, akaishusha ndani, akaivuta juu inachuruzika.

"Kaka, maji ni inchi arobaini na mbili. Kilichokauka hapa ni aibu yako."

Kinyozi akaenda moja kwa moja kwenye koki. Akaifungua. Bomba likamwaga. Sijapata kusikia sauti mbaya kama ile.

Nilijitetea kwa ufasaha, sidhani kama mtu alisikia. Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono. Mikono saba ikapanda haraka. Nikamgeukia mjumbe wa chumba chetu.

"Nakupenda, mume wangu," akasema, "lakini madumu manne." Akanyoosha na wake.

Hapo akasimama msichana mwenye begi mgongoni, aliyekuwa amekaa kwenye ndoo muda wote. Tulidhani amekuja kushonewa gauni. Kumbe ndiye mkaguzi! Amesema amepita matawi kumi na moja na kusomewa hotuba kumi na moja. Lakini pande mbili zilizokuwa hazisemezani, zikamwondoa rais wao kwa katiba, bila kuvunja hata kikombe, hajapata kuziona popote. Tumeshinda! Nikaruka. Nikanyoosha mkono nipongezwe.

Akanipita, akampa mkono Fundi.

Jumatano, 12 Machi

Nimewaandikia makao makuu. Nimefafanua kwamba kupinduliwa kwangu kulikuwa sehemu ya maonyesho, na kwamba niliyabuni yote, mpaka ukame. Anayestahili kusafiri ni mbunifu. Jibu limefika mchana: wanampongeza Rais, na wanauliza kama nitaweza kumtolea nakala za nyaraka zake. Bure.

Fundi amekuja kuazima sanduku. Amekuta mke wangu ameshalifuta vumbi.

Amenishangaza, lakini. Amekaa, amekunywa chai, amesema hana kinyongo, na kwamba bila katiba yangu bado angekuwa anaanika chumbani. Kwa muda nilijisikia vizuri mno, karibu nimwombe radhi.

Kisha akataja, kwa bahati tu, kwamba atakuwa nje siku tisa na katiba haisemi nani atakaimu. Bunge litalijadili Jumapili.

Nimewasha taa. Nina kalamu na karatasi safi. Ibara mpya inakwenda vizuri. Nimefika kwenye sifa za kaimu, lazima awe mtu mwenye uzoefu wa dharura. Mke wangu ameuliza kutoka kitandani naandika nini.

Nimemwambia orodha ya sabuni.