Wazazi Waliorudi Kutoka Ulaya Wakiongea

Kokulinda Elias,
Mwanafunzi, Kidato cha Tatu,
Pasiansi, Mwanza.
18 Novemba 1995

Kwa Mzee Yeremia Chenge,
Mwenyekiti, Kamati ya Urafiki na Sharika za Ng'ambo,
Usharika wa Mwambani.

YAH: WAZAZI WAWILI MLIOWASAFIRISHA WAKIWA KIMYA

Mzee Mwenyekiti, shikamoo.

Kabla sijaingia kwenye malalamiko, nakiri jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata Getruda ninayekaa naye dawati moja. Tangu Oktoba 1993 hadi siku walipopanda ndege mwezi Juni mwaka huu, baba yangu na mama yangu hawakusemezana. Mwaka mmoja na miezi minane. Walipokuwa na jambo la kuambiana, walinituma mimi.

Najua utashangaa, kwa sababu ni wewe uliyesimama mbele ya usharika ukatangaza kwamba kamati imemchagua Ndugu Elias na mkewe Celestina kwenda kuwatembelea marafiki zetu wa Ulaya kwa majuma kumi na matatu, kwa kuwa "ile ni nyumba ambayo hatujawahi kusikia sauti ikipanda." Ulisema kweli, Mzee. Haikuwa ikipanda wala ikishuka.

Chanzo kilikuwa hivi. Baba alipunguzwa kazi kiwandani pamoja na wenzake wengi, akaona aibu kusema. Kwa majuma matatu aliondoka asubuhi na mfuko wake wa chakula kama kawaida, akashinda ufukweni akitazama mitumbwi. Mama akaja kuambiwa na jirani yetu Mama Precious kwenye foleni ya maji: "Pole na ya mzee." Mama akasema, "Ya mzee yapi?" Aliporudi nyumbani hakumuuliza Baba kitu. Alinigeukia mimi, nikiwa nasoma, akasema, "Koku, mwambie baba yako kesho sifungi chakula." Baba alikuwa amekaa hatua mbili kutoka nilipokuwa. Nikamwambia. Ndivyo nilivyoajiriwa.

Ninyi mkawapitisha Uholanzi, mkawapeleka Ujerumani, Denmaki, Uswidi na Ufini, na mwezi Septemba mkanirudishia watu wanaoongea. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kuachishwa kazi bila taarifa. Baba alipopunguzwa alipewa barua yenye muhuri, na ndani yake walimshukuru kwa utumishi wake. Mimi nilikwenda uwanja wa ndege kuwapokea nikiwa nimejiandaa. Nikasimama katikati yao, mahali pangu pa siku zote. Mama akanisogeza pembeni kama mtu anavyosogeza kiti, akamwambia Baba, "Shika hilo begi dogo, lina vikombe." Baba akasema, "Si nimelishika?" Mzee, hiyo ndiyo barua niliyopewa mimi.

Na kazi yenyewe haikuwa ya mtu yeyote tu. Mama akisema, "Mwambie baba yako kama miguu imemkatika aseme nimwitie fundi," mimi nilifikisha: "Mama anaomba umsaidie kuingiza kuni." Baba akijibu, "Mwambie mimi si mtumishi wake," nilifikisha: "Baba anakuja, anamalizia kidogo." Kisha kuni niliziingiza mwenyewe. Mwalimu Bernadeta anayetufundisha Kiswahili aliwahi kusema mbele ya darasa kwamba hakuna anayeniweza kwa ufupisho. Muhula huu nimeshuka. Sina mazoezi.

2. Kelele. Nyumba yetu ilikuwa na utulivu kuliko maktaba. Mwaka jana nilisoma vitabu kumi na vinne. Sasa wanaongea kabla ya chai, wakati wa chai na baada ya chai, na wala si mambo ya maana. Juzi walibishana nusu saa nzima kama wingu lililosimama upande wa Ukerewe ni la mvua au ni la mapambo tu. Nilipouliza kama kuna ujumbe wowote wa kupeleka, walinitazama wote wawili wakasema, "Ujumbe gani?"

3. Jina. Huko ng'ambo kila mtu huitwa jina lake, hata mchungaji, na Mama akazoea. Sasa anamwita Baba "Elias". Tena haishii chumbani. Anamwita hivyo uani, na Jumanne alimwita kutoka upande wa pili wa barabara, mbele ya duka, watu wakiwepo. Mama Precious akaniuliza, "Koku, huyo Elias ni mgeni wenu?" Nikasema ni Baba. Akasema, "Yesu wangu!" Tangu nizaliwe Mama alikuwa akimwita Baba Koku. Naomba kamati izingatie kwamba jina hilo lilikuwa nusu yake langu, nalo limetwaliwa bila mimi kuulizwa.

4. Baba kuingia jikoni. Uswidi mwenyeji wao wa kiume alikuwa akiosha vyombo huku akiimba, na Baba akaona asishindwe na mtu mwenye miaka sabini. Tangu warudi anaosha vyombo, na sasa amefika kwenye ndizi. Anazimenya vibaya, ndizi nyingi inabaki kwenye ganda, na Mama, ambaye mimi alikuwa akinigombeza kwa kosa hilohilo, anamwambia, "Safi sana." Wiki hii wanawake wanne wamekuja kwetu kuazima chumvi, na wote wana chumvi. Nilimsikia Mama Precious akiwaambia wenzake getini: "Huyu kalishwa kitu, tena dozi ya nchi tano." Waume zao hawana raha. Baba Precious alikuja kumwomba Baba, kwa ustaarabu, angalau awe anafunga dirisha.

5. Kuisimulia safari vibaya. Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa hiyo naomba nilieleze vizuri.

Kila mgeni anayekuja huambiwa habari za kituo cha treni. Kule Ujerumani kulikuwa na mchungaji mstaafu aliyewahi kuishi Bukoba na kujua Kiswahili, kwa hiyo wakawa wanatumana kupitia kwake. (Mzee wa watu, miaka themanini! Na mimi sikujulishwa kwamba nafasi yangu imejazwa.) Denmaki hakukuwa na mtu kama huyo. Wakakaa siku nne bila neno. Siku ya tano wenyeji wakawafikisha kituoni, wakawaaga. Baba akapanda treni na mabegi yote. Mama, aliyekuwa ameshika karatasi ya safari, akaona namba si yenyewe. Akatafuta mtu wa kumtuma. Kulia Mdenmaki, kushoto Mdenmaki. Mlango ukaanza kujifunga. Mama akapiga kelele: "Elias! Shuka! Siyo hiyo!"

Baba akaruka na mabegi yake, akasema, "Ungesema mapema." Mama akasema, "Na wewe ungesema mapema." Hapo Baba akajua kwamba anayeulizwa si mtu wa treni, ni mtu wa kiwandani. Wakaketi kwenye benchi wakayasema yote, mpaka treni yao halisi nayo ikawapita.

Wageni hucheka sana. Huondoka wakiamini kwamba wazazi wangu walipatanishwa na treni. Hakuna anayeuliza walifikaje kwenye treni hiyo.

Mzee, barua yenu ya mwaliko ilipofika mwezi Februari, Baba aliisoma akaniambia, "Mwambie mama yako aende yeye. Siwezi kusafiri na mtu anayeniona takataka." Mama naye aliposikia kuna barua alisema, "Mwambie aende peke yake, na akipenda abaki hukohuko." Nilisimama ukumbini, kati ya sebule na jikoni, kwa muda mrefu. Kisha nikaenda jikoni nikasema, "Baba anasema bila wewe haendi." Nikarudi sebuleni nikasema, "Mama anauliza kule kuna baridi kiasi gani, anataka akufumie sweta." Mama hajui kufuma. Baba hakuuliza. Alikaa na ile barua mkononi, akasema, "Mwambie si baridi sana, ni Juni."

Kwa hiyo safari mnayoiandikia taarifa kwamba ni matunda ya kamati ni matunda ya uongo wangu, na tangu Septemba sina amani. Siku moja wakiwa katika maongezi yao Mama atasema, "Lakini wewe ndiye uliyesema bila mimi huendi," na Baba atasema, "Mimi?" Watahesabu, watagundua kwamba hakuna aliyesema, na watanyamaza tena. Wakinyamaza mwaka keshokutwa, nitakuwa kidato cha tano, Mungu akipenda, mbali na hapa, nao hawatakuwa na mtu wa kumtuma. Wadogo zangu sina. Nimelifikiria jambo hili kwa utulivu na nimeona kwamba ni afadhali wanyamaze sasa hivi, mimi nikiwa bado nipo nyumbani, kuliko waje wanyamaze nikiwa sipo.

6. Vikombe walivyoleta havina mikono. Hili ni dogo, lakini chai inaunguza.

Kutokana na hayo, naiomba kamati ifanye yafuatayo:

(a) Iandikie kile kituo cha treni cha Denmaki kuuliza kama kuna watu wawili waliosahaulika kwenye benchi: mwanamume mrefu mwenye koti la kijivu na mwanamke aliyevaa kitenge, wote kimya. Ikiwa wapo, nirudishiwe hao, na hawa wanaoongea wapelekwe usharika wenye uhitaji.

(b) Ikiwa hawapatikani, nipewe barua ya kuachishwa kazi yenye muhuri, na ndani yake nishukuriwe japo kwa sentensi moja.

(c) Au nipangiwe nyumba nyingine. Nina uzoefu, naandika mwandiko unaosomeka, na siri sitoi. Ninazijua nyumba tatu katika usharika huu zinazohitaji mtu. Mzee, nisamehe sana kwa hili ninalotaka kusema, lakini mwenye kazi huitambua kazi. Jumapili ya Mavuno mjukuu wako Queen alisimama mbele yako akasema, "Babu, Bibi anauliza kama utakula hapa au nyumbani." Ukamjibu, "Mwambie nyumbani." Nawe na Bibi mlikuwa mmekaa benchi moja, na mkoba wa Bibi ulikuwa magotini mwako. Queen bado ni mdogo, na nilimwona anaufikisha ujumbe jinsi ulivyo, bila kuulainisha. Ningeweza kumfundisha.

Wasalimie wajumbe wote wa kamati pamoja na Mama Mchungaji. Wasalimie pia vijana wa kwaya ambao kila Jumamosi wananiuliza nitaanza lini kuimba, uwaambie nawaza. Msalimie Queen, na Bibi umsalimie wewe mwenyewe.

Ni mimi katika unyenyekevu wa mtu asiye na kazi,

Kokulinda Elias

Nyongeza, saa kumi jioni:

Nilikuwa nimeshaikunja barua hii Baba aliporudi kutoka Igoma, kwenye kibanda chake cha kutengeneza cherehani. Mchana Mama alikuwa amepokea barua ya Baba Mdogo Antoni kutoka Muleba, akitushukuru kwa kukubali watoto wake wawili waje kukaa kwetu tangu Januari ili wasome mjini. Mama hakuwa amekubali, kwa kuwa hakuwa ameulizwa. Alimkabidhi Baba ile barua, akaingia jikoni. Baba akaisoma, akakaa, akatazama ukuta.

"Koku."

"Abee."

"Mwambie mama yako nilikuwa nataka kumwambia."

Kutoka jikoni sauti ikaja: "Koku, mwambie baba yako ndivyo alivyosema na mwaka ule."

Mzee, kazi yangu ilikuwa imerudi. Hata maneno nilikuwa nayo tayari: "Mama, Baba anasema amekosa." Yalikuwa yameshafika kwenye ulimi, na nilijua yangefanya kazi. Nikasema, "Baba, Mama yuko jikoni." Sauti ilitoka ndogo, nikadhani hakusikia, nikairudia. Akanitazama kama mtu aliyenyimwa maji. Nikachukua ndoo nikaenda bombani.

Foleni ilikuwa fupi, kwa hiyo niliwapisha watu watatu. Niliporudi niliwasikia tangu getini. Wote wawili walikuwa jikoni wakigombana kwa sauti ya juu kabisa, Mama akiuliza hao watoto watalala wapi, juu ya dari au, na Baba akisema alikosea, alikosea, asemeje tena? Mama akasema, "Sema tena." Mama Precious alikuwa ameacha kufua ili asikie vizuri.

Kwa hiyo maombi (a), (b) na (c) nayafuta, na lile lalamiko la tano naomba lisisomwe kikaoni. Ningeweza kuichana barua yote, lakini ningependa mtu mmoja ajue. Nimemimina maji kwenye pipa, nimeketi kwenye ngazi ya nyuma nikaandika haya, na hakuna aliyeniita.