Jinsi Nilivyolishinda Neno Spring

Jumatatu, 3 Machi 2025

Siakago. Jua kali, duka tupu. Hakuna anunuaye mbegu kabla ya wingu la kwanza.

Wawira, binti yangu wa Kidato cha Tatu, ameleta barua ya shule. Jumamosi ni siku ya wazazi. Kutakuwa na shindano la Kiingereza, mzazi na mtoto wake. Neno moja lenye maana nyingi zisizohusiana. Mzazi anataja maana na visawe anavyojua, mtoto anamalizia vilivyobaki. Washindi wataiwakilisha shule Embu mjini.

Wawira amejiandaa tangu mwaka jana. Ana madaftari matatu. Akaniuliza, kwa upole, kama nitaweza. Kama nitaweza! Mimi Muchangi, ambaye magazeti yamechapa barua zake kumi na moja! Ile ya Januari iko ukutani dukani, kwenye fremu: "Wezi wa Mitihani Wafungwe."

Jumanne, 4 Machi

Gatakaa, muuza mabati wa ng'ambo ya barabara, naye ana kijana katika darasa hilo hilo. Leo aliniuliza mbele ya wateja kama Kiingereza changu kitafika Embu au kitapata pancha hapa hapa stendi. Walicheka. Hata aliyekuwa amekuja kwangu kununua dawa ya viwavi alicheka.

Wakati wa chakula Wawira alinijaribu kwa neno bark. Nikasema mbwa. Kisha nikaomba chumvi. Akaniambia ni gome la mti pia, akanipigia makofi kidogo, kama unavyompigia mtoto aliyemaliza uji.

Lugha gani hii? Imeteka nusu ya dunia, ikashindwa kutafuta maneno ya kutosha! Inarundika maana nne kwenye neno moja kama magunia ya ndengu kwenye pikapu. Nitaiandikia gazeti.

Jumatano, 5 Machi

Nilikwenda saiba kwa Kiunga, kwenye kompyuta na printa zake, kutoa kopi ya kitambulisho. Karatasi zote za Siakago hupitia kwa Kiunga: barua za chifu, kadi za harusi, hata mitihani. Akataja, bila kuulizwa, kwamba printa ya shule imekufa na Mwalimu Lydiah amemwachia kazi ya Jumamosi.

Sikuuliza kitu. Nilitazama tu. Yeye akauliza kama bado nina ndengu za msimu uliopita. Ninazo. Kilo tatu.

Nimerudi na karatasi ndani ya gazeti. Huu si wizi. Wizi ni wa mitihani. Hili ni shindano.

Neno ni spring.

Ijumaa, 7 Machi

Siku mbili za kukariri kati ya magunia. Majira yanayofuata baridi kali: Siakago hayajawahi kufika. Chemchemi: zetu zimekauka. Waya uliojikunja, ule wa godoro. Kuruka ghafla. Kila maana na visawe vyake. Nimeyameza yote, neno kwa neno, mstari kwa mstari, kutoka juu ya karatasi hadi chini.

Wawira alitaka kunijaribu tena. Nikakataa. Akasema anafurahi kuona siogopi tena. Akanikumbatia. Karatasi ilikuwa mfukoni. Ilitoa sauti.

Jumamosi, 8 Machi

Mungu wangu.

Mwalimu Lydiah alifunua neno. Nikajikuna kidevu, nikatazama dari kama mtu anayewaza. Kisha nikaanza. Majira yanayofuata baridi kali, alama mbili. Chemchemi ya maji, alama mbili. Watu wakaguna. Nikadhani wanastaajabu, nikapaza sauti. Waya uliojikunja, alama mbili. Akisahau kisawe, alama moja. Ukumbi ukalipuka. Nikadhani ni ushindi! Nikamaliza kuruka ghafla, nikainua mkono kama mhubiri, nikahitimisha: mtahini akubali jibu lingine lolote lililo sahihi.

Niliukariri mwongozo wa kusahihisha. Wote. Pamoja na alama.

Mwalimu Lydiah alivua miwani, akaifuta muda mrefu. Akasema jozi yetu imeondolewa. Gatakaa akapiga kelele kutoka nyuma: "Baba Wawira, si utusahihishie na sisi!"

Wawira hakupata nafasi ya kusema hata neno. Alikuwa amesimama kando yangu muda wote.

Nyumbani nilifungua daftari lake la pili. Spring, ukurasa wa nne. Maana zote nne, na ya tano ambayo karatasi yangu haikuwa nayo. Aliandika tarehe: Novemba.

Jumapili, 9 Machi

Sikwenda kanisani. Fremu nimeigeuza, inatazama ukuta. Mama Wawira aliniwekea githeri mezani, akasema nile, alama mbili. Wawira alikula jikoni.

Mimi ni mtu duni. Naandika hili bila kisawe.

Jumatatu, 10 Machi

Mwalimu Lydiah amekuja dukani. Hakunisalimia kwa mkono. Shule iko tayari kumjaribu Wawira peke yake, na akifaulu aende Embu, kwa sharti moja: Jumatano nisimame kwenye paredi ya asubuhi, mbele ya wanafunzi wote, niungame kwamba karatasi ilikuwa yangu na mtoto hakujua lolote. Nisiposimama, anakwenda kijana wa Gatakaa.

Nilikubali kabla hajamaliza.

Jioni Wawira alisema nami kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. Alisema: "Baba, yawe maneno yako mwenyewe. Hata yakiwa matatu."

Nililia. Nikamwahidi. Nimekuwa mtu mpya!

Jumanne, 11 Machi

Nimeandika tangu asubuhi. Jaribio la kwanza: "Mimi Muchangi." Nikakwama. La pili lilifika kurasa nne, lakini nilipolisoma lilikuwa linaishutumu printa ya shule, ukoloni, na Gatakaa. Nikalichana.

Saa kumi nikaenda kwa Beverlyne, yule mwenye kibanda karibu na kituo cha afya, anayeandikia watu hotuba za harusi na mazishi. Maskini, ana roho nzuri. Alikuwa nayo tayari! Hotuba kamili ya kuomba radhi, ukurasa mmoja na nusu. Imetumika mara moja tu, tena mbali, mjini Maua. Na mke wa bwana aliyeisoma alirudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Nimeikariri hadi mwisho. Ni nzuri ajabu. Imenitoa machozi mara mbili. Wawira atajivunia baba yake. Kuna mahali panasema, "Wakwe zangu, mpokeeni mbuzi huyu kama moyo wangu." Beverlyne anasema hapo ndipo watu hulia.

Sitapunguza hata neno.