Makombora Kumi na Mawili kwa Nyakibuye

Jumatatu, 11 Agosti 1975

Vita imetangazwa. Fundi Kasongo, mshona suruali wa Ujiji, amenifuata klabuni Katubuka mbele ya watu. Mkononi ana makala yangu, ameinakili kutoka gazeti la ukutani. Nilikuwa nimeandika kwamba suruali za ushirika wao wa mafundi hupungua zikifuliwa mara moja, kama ahadi za mabepari. Anataka niombe radhi. Nimemwambia mhariri haombi radhi, husahihisha, na hapa hapana cha kusahihisha.

Akasema kwa upole kwamba basi tucheze ule mchezo wa ramani tuliofundishwa mgambo. Akishinda yeye, nimkabidhi ufunguo wa ubao wa kioo. Yaani gazeti lenyewe! Miaka sita ya hoja zangu. Nilikubali kabla hajafunga mdomo.

Mchezo ni hivi. Kila mtu anachora ramani yake ya wilaya, miraba mia yenye namba. Humo anaficha vikosi vitano na mizinga miwili, na mwenzake haoni. Mwamuzi ni Bi Mwanvua, muuza mawese. Yeye huona za wote, na penye ubishi ramani yake ndiyo sheria. Kila mmoja ana makombora kumi na mawili; anayepoteza vikosi vyote au mizinga yote ameshindwa. Ikifika zamu yako unapiga mraba mmoja, au unatuma mpelelezi na Bi Mwanvua anakwambia kuna nini.

Wapelelezi ni kwa watu wasio na msimamo.

Jumanne, 12 Agosti

Nimenakili ramani ya ofisini kwetu stesheni, ya mwaka 1958. Wakoloni walikuwa wezi, lakini mistari yao imenyooka. Kasongo atachora kwa chaki ya kukatia nguo, maskini.

Mizinga yangu yote miwili nimeificha stesheni. Nani atanifikiria kazini? Melania, mke wangu, amekubali. Amesema hata yeye hajawahi kunitafuta huko.

Alhamisi, 14 Agosti

Ujasusi. Nimekwenda kwa Kasongo kupimwa suruali. (Moja tu, na kwa ajili ya vita.) Niliposimama nyuma ya pazia, akaingia mteja, akamuuliza majeshi yamelala wapi. Kasongo akajibu, pini mdomoni, kwamba yote matano yako Nyakibuye, na huyo bwana mkubwa hatayapata hata akipewa taa.

Nilikaa nyuma ya pazia na mguu mmoja ndani ya suruali, nikitetemeka kwa furaha. Nyumbani nimefungua ramani. Nyakibuye, juu mlimani, mraba 41. Nimelala kama jemadari.

Jumamosi, 16 Agosti

Klabu imejaa. Nimeanza mimi. Mraba 41. Bi Mwanvua akatazama karatasi zake, akatangaza kwamba nimeua mgomba mmoja. Watu wakacheka. Sawa. Nikapiga tena 41. Akasema nyani wamekimbia.

Zamu zake Kasongo alikuwa anatuma wapelelezi. Hapa mmoja, pale mmoja, kama mtu anayetafuta sindano. Nikamuuliza kama amekuja vitani au sokoni. Akasema fundi hupima kwanza, Ndugu Mhariri, ndipo hukata.

Kombora la tano: paa la nyumba tupu. Nikaona ni dalili ya adui aliyechimba mahandaki. La nane: shamba la mihogo lililoachwa. La kumi na mbili: michikichi miwili, na Bi Mwanvua akaniuliza michikichi hiyo imenikosea nini, maana ndiyo riziki yake.

Yote kumi na mawili, mraba mmoja. Lazima wamekufa, nikasema, mwamuzi anawaficha.

Kasongo akamtuma mpelelezi wake stesheni. Akapiga makombora mawili. Mizinga yangu kwisha.

Nikadai ramani zifunguliwe. Zikafunguliwa. Vikosi vyake vyote vitano viko Nyakibuye, kama alivyosema. Mraba 67. Kando ya barabara.

Bi Mwanvua akaeleza taratibu, kama anayemweleza mgonjwa, kwamba Nyakibuye ilihamishwa tangu mwaka jana, kwenye Operesheni ya vijiji vipya, mlimani wamebaki nyani. Akauliza Ndugu Mhariri hasomi gazeti lake mwenyewe? Maana mimi ndiye niliyeushangilia uhamisho huo. Makala tatu. Akanikariri aya nzima, ile ya "hakuna atakayebaki nyuma mlimani ila mjinga". Kasongo akaongeza kwamba yeye ndiye anayewashonea watoto wa huko sare za shule.

Nimetoa ufunguo. Umeacha alama kiganjani.

Jumapili, 17 Agosti

Kasongo ametoa toleo lake la kwanza. Amebandika ramani ya vijiji vyote vipya, kwa chaki, mistari imenyooka. Chini yake kona ya barua za wasomaji. Amenitumia ujumbe kwamba nami nakaribishwa, maneno yasizidi hamsini.

Hamsini! Salamu zangu pekee ni themanini.

Ramani yake nimekataa kuisoma. Simsomi adui. Nimedai marudiano Jumamosi ijayo, ufunguo wake dhidi ya baiskeli yangu. Kakubali haraka mno, anaogopa.

Mpango nimekwisha kuupanga. Mraba 41 nilipiga mara kumi na mbili, hakuna aliyekuwepo. Sasa kila mtu anajua pale ni patupu. Basi adui mwenye akili atajificha wapi, kama si pale nilipokwisha kumkosa?

Yote kumi na mawili, mraba 41. Melania ameuliza nitakwenda kazini kwa usafiri gani baada ya hapo. Nimemwambia swali hilo ni la mtu asiye na msimamo.